Samaki Wanakuja Mwisho wa Mwezi

Haya nilisimuliwa na mdogo wangu Jumapili iliyopita, tukimenya vitunguu, na sikujua machozi yake yapi yalikuwa ya vitunguu na yapi ya kicheko. Yeye anakaa kwa mwanawe kinyozi, kwa hiyo aliyaona kwa macho yake.

Kinyozi alikuwa amepiga magoti sebuleni, ananyunyiza chakula cha samaki kwenye tangi. Ndani ya tangi mlikuwa na maji, changarawe, na chujio jipya linatoa mapovu. Samaki hakuna.

"Unamlisha nani?" mkewe akauliza.

"Vijidudu."

"Viko wapi?"

"Havionekani."

Mke akamgeukia mama mkwe wake, ndiye huyo mdogo wangu. "Mama, huyu mume ulinipa akiwa mzima, au alikuwa hivi hivi?"

"Alikuwa hivi hivi, mwanangu. Tulinyamaza tu, tukaogopa utamkataa."

Kinyozi akaendelea kunyunyiza. Alikuwa ameshaua samaki mara tatu, na mara zote tatu mazishi yalifanyika chooni. Mwishowe muuza samaki akampasulia ukweli: "Samaki wako hawafi njaa, bwana. Wanakufa kwa mavi yao. Weka chujio. Liwashe mwezi mzima bila samaki, utie chakula kidogo kidogo, mpaka kwenye sponji lake viote vijidudu vya kula uchafu. Ukiwa na haraka, utaendelea kuzika."

Na safari hii hakuwa na pa kukosea. Mkewe ni fundi cherehani, na tangi lilikaa kwenye meza ya dirishani, mahali pa cherehani yake. Yeye siku hizi alishonea chumbani, kila akivuta kitambaa kiwiko kinagonga kabati. Hukumu alishaitoa: "Wakifa na hawa, tangi linatoka, cherehani inarudi. Na sitaki kuona uso umenuna."

Siku ya kwanza mpira wa chujio ulichomoka, ukamwagia mama aliyekuwa anasinzia kitini.

"Kama mnataka nioge," mama akasema, "semeni tu."

Wiki ya pili maji yakawa meupe kama yaliyooshea mchele. Mke akaja na utepe wake wa kupimia, akaipima meza mara mbili, polepole, mume akimwona.

"Bado!" kinyozi akasema. "Vijidudu ndiyo kwanza vinaota!"

"Vinaoza au vinaota, mimi napima tu."

Jirani akaja kuomba kiberiti, akachungulia. "Samaki wako wapi?"

"Wanakuja mwisho wa mwezi."

"Kwani wanatoka mbali?"

Halafu siku moja asubuhi maji yakatakata. Yakatakata mpaka changarawe ukaweza kuihesabu, mpaka mama akauliza kama maji yenyewe bado yamo. Kinyozi akanunua taa ndogo, akaifunga juu ya tangi. Jioni mke akaanza kukaa karibu na tangi, anashona vifungo. Alisema ni kwa sababu ya mwanga. Mama naye akahamisha kiti chake. Jirani aliporudisha kiberiti akatia kidole kupima ubaridi, mke akampiga mkono.

"Hicho kidole kimetoka wapi?"

Kinyozi mwenyewe akaamriwa avue shati la kazini mlangoni, nywele za watu zisije zikaingia. Alivua bila kubisha. Kila jioni alikifuta kioo kwa kipande cha kitambaa laini, akirudi nyuma, akitazama, akifuta tena.

Mwisho wa mwezi ukafika. Muuza samaki akayapima maji yaliyoletwa kwenye chupa, akasema yamekubali. Sasa hata ukitia samaki kipofu ataishi. Kinyozi akarudi nyumbani kifua mbele, na samaki wanne wekundu kwenye mfuko wa plastiki.

"Haya, mama, mke wangu, njooni. Leo ndiyo leo."

Wakasimama wote watatu. Kinyozi akauinua mfuko juu ya tangi, taa ikawamulika samaki vizuri. Mmoja akapiga mkia, na nyuma yake ukachomoza uzi wa kahawia. Ukarefuka, ukarefuka, ukakatika, ukazama.

Wote watatu wakaufuata kwa macho mpaka chini ya mfuko.

"Hiyo anafanya mara ngapi kwa siku?" mke akauliza.

"Kutwa," kinyozi akasema.

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

"Ukiwamwaga humo ndani," mke akasema, "wewe na wao mtalala nje."

Lakini kinyozi alikuwa ameshaushusha mfuko na kuuficha mgongoni, kama mtu aliyetaka kufanya jambo la aibu mbele ya wageni.

Samaki walilala jikoni, kwenye beseni la nguo, wakisubiri kurudishwa dukani. Mke akaenda kulala, mama akalala palepale kitini. Kinyozi akabaki peke yake mbele ya maji yake matupu, anatabasamu, mpaka usingizi ukamchukua.