Kadi ya Bibi Safi

"Polepole, utaichana!" Léocadie alipiga kelele.

Ummi aliendelea kuishikilia kadi juu ya mvuke wa birika ili gundi ilegee. Zamani mama yake Léocadie aliibandika kwenye kadibodi isichakae, na tangu hapo hakuna aliyeuona upande wa pili. Karimu, mume wa Ummi, ndiye aliyetaka uonekane. Alikuwa amefunga duka lake la simu hapa La Rochelle, Ufaransa, mchana kweupe, kwa ajili ya jambo hili tu.

Na jambo lenyewe si la mchezo. Ombi la ukimbizi la Léocadie lilikuwa limekataliwa. Ijumaa yeye na binti yake walitakiwa kurudi Uvira, ambako wanaume wote wa nyumba yao waliuawa. Akimbilie wapi, maskini? Ilibaki Tabora, kwa ukoo wa Karimu, ambaye babu yake, askari wa Mwingereza, aliwahi kuishi kambini na bibi yake Léocadie. Wazee wa huko walikuwa wamekata shauri: kama bibi huyo alikuwa mke wa babu, waje, watapokewa. Kama alikuwa hawara tu, wasisumbue watu.

"Ni kadi ya posho ya wake wa askari, Papa Karimu," Léocadie alisema kwa mara ya kumi. "Angalia tarehe, zote Jumamosi. Kwetu Kongo Jumamosi njo siku ya posho. Bibi hakuisahau. Hata uzeeni, siku hiyo alijifungia chumbani, hakutaka kuona mutu."

"Alimkumbuka mumewe, masikini," Karimu alisema.

Picha ya upande wa mbele alikuwa nayo kwenye simu. Mistari thelathini, kila mmoja una tarehe, saini ya mzungu na neno moja la Kiswahili: Safi.

"Ndilo jina lake hili?"

"Njo jina yake! Mama yangu walimuita Safi, na mutoto wangu pia nilimuita Safi."

"Basi wewe ni dada yangu," Karimu alisema, akaanza kupiga simu Tabora. Léocadie alilia, jamani, alilia hadi akakaa sakafuni.

Kadibodi ikabanduka. Ummi, aliyewahi kufanya kazi zahanati, akasoma Kiingereza cha upande wa nyuma, kisha akasoma tena.

"Kata simu," alimwambia mumewe.

"Eish, kuna nini?"

"Hapa pa jina pana namba tu. Juu wameandika: wanawake wa kambini wasio na waume, ukaguzi wa kaswende na kisonono."

Léocadie aliinuka akampokonya kadi. Chini ya maneno hayo palikuwa na Jumamosi moja zaidi, ya mwisho, kwa mwandiko uleule: Chafu.