Rangi Imetangulia Utamu

"Ukikata, kata pamoja na mkono wangu," Lorna akasema, akalishika shina.

Kaka yake akasimamisha mkasi hewani. Wingu zito lilikuwa limetoka baharini na kuifunika milima ya Humboldt, na bangi yao yote ilikuwa bado shambani, maua yake ya zambarau iliyokolea hata yakaonekana meusi tii.

"Dada, hebu tazama rangi hiyo. Unangoja nini tena, iote meno?"

"Rangi hiyo ni kazi ya baridi ya usiku. Utamu bado." Akampa kioo cha kukuzia. "Tazama vitone vya utomvu. Viko kama maji. Mimi nataka vifanane na maziwa."

"Mvua ya leo haijui maziwa. Ukungu wa kuozesha ukiingia ndani ya ua, tutavuna mbolea."

Kwa ukaidi akachagua ua nono kuliko yote, akalipasua katikati kwa kidole gumba ili amwonyeshe uozo.

Wakainama pamoja. Moyo wa ua ulikuwa mkavu, wa zambarau, hauna hata doa. Harufu ya zabibu zilizoiva ikapanda. Utomvu ukamnata kaka kidoleni. Akakinusa, akakifuta kwenye suruali, kisha akakinusa tena.

Akaufunga mkasi na kuutia mfukoni. "Haya. Turubai la kufunikia liko wapi?"

"Kwenye gari lako," Lorna akasema. "Nimelipakia tangu asubuhi, ulipokuwa unaunoa huo mkasi."