Kamera ya Mama

Pumzi ilisikika kabla ya picha. Ilitoka kwenye kompyuta ikikwaruza, ikapanda, ikakwama, ikashuka, mpaka kioo kikapata mwanga na mama akaonekana: kalala chali chumba cha pili, shuka kifuani, macho ameyakaza kwenye kamera ukutani kama anayedai haki yake.

"Ndani anaonekana," seremala aliiambia simu iliyobanwa begani.

"Ndani si hoja," akajibu fundi mitandao. "Aliyeshika waifai ya nyumbani ataona hata ukikosea. Mtihani uko nje. Mimi huku kwangu naona giza tupu."

Honi ikalia. Madaktari walikuwa wanamsubiri mama kwa upasuaji wa moyo, jirani mwenye gari alikuwa anasubiri getini, na mama mwenyewe hakuwa anasubiri mtu ila mmoja. "Sinyanyuki hapa mpaka Kitinda anione," alikuwa amesema. "Nikibaki hukohuko, awe ameniona nikiwa hai."

Kitinda ndiye kitinda mimba wake. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, mtaa mzima ukamsindikiza kwa vigelegele, na tangu siku ile mama hakuitwa tena kwa jina lake. Akawa Mama Ng'ambo. Huko aliko, Kitinda aliandika, tajiri wake haruhusu simu ya sauti wala ya picha. Ujumbe tu, nao kwa kujificha. Ndipo seremala akapata wazo la kamera: amtumie anwani, aifungue kimyakimya kama anayesoma habari, amwone mama.

Wazo lilikuwa zuri. Ruta, kile kisanduku cha waifai, ndiyo iliyokuwa na ukaidi wa punda.

Aliiandikia kanuni: anayebisha mlango namba themanini themanini apelekwe kwa kamera. Ikagoma. Akagundua kwamba umeme ulipokatika kamera ilibadilishiwa namba, na yeye alikuwa anawaelekeza wageni kwenye simu ya mama. Akarekebisha. Ikagoma. Akaondoa ulinzi, akaizima, akaiwasha, akaiomba, akaitukana. Akatoka mpaka barabarani, ambako waifai yao haifiki (iliwatosha wao wawili na mshonaji aliyepanga chumba cha uani, shoga wa Kitinda tangu utotoni, basi) akajaribu kwa bando la simu. Giza.

"Namba umeziandika sawasawa?" fundi akauliza. "Isije ikawa vidole vya randa hivyo. Ruta haipigwi randa, seremala."

"Cheka! Mama yangu anakata roho, wewe unakata mauno."

"Haya, yaishe, kaka. Hebu nisomee ile anwani uliyoitoa kwenye ruta ukamtumia mdogo wako."

Akaisoma.

"Tumetwanga maji," fundi akasema, na safari hii hakucheka. "Hiyo si anwani ya duniani. Kampuni ya intaneti imewarundika wateja nyuma ya geti lake moja, kila mtu kapewa namba ya humohumo ndani. Ruta yako haina kosa. Fungua milango yote ya nyumba ukitaka, mgeni ataishia getini kwao. Wa kuiona picha hiyo ni aliye kwenye waifai yenu tu."

"Hakuna njia?"

"Ipo. Uwaombe kampuni wakupe anwani yako mwenyewe. Labda kesho. Labda keshokutwa."

Kesho! Seremala akalaza paji la uso juu ya meza aliyoiunda kwa mikono yake. Sikioni mwake pumzi ilipanda, ikakwama, ikakawia kushuka.

Mshonaji akachungulia dirishani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kaka, jirani anataka kuondoka na gari lake. Nimembembeleza mpaka nimeishiwa maneno."

"Kaazime mengine. Mwambie mama anavaa."

Mshonaji akarudi mbio getini.

Umebaki uongo, seremala akawaza. Nimwambie mama ameonwa, yaishe; wangapi wamepona kwa uongo? Akanyanyuka, neno liko tayari mdomoni. Hajafika mlangoni, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Kitinda.

"Kaka nimemwona! Nimemwona mama! Amekonda jamani. Mto umemteleza, mwinulie kichwa, hapumui vizuri."

Akaigeukia kompyuta. Mto ulikuwa umeteleza kweli, sasa hivi, uko nusu kitandani, nusu hewani.

"Fundi," aliuliza polepole, "huko kwako vipi?"

"Giza, kaka. Si nimeshakwambia? Wa nje haoni."

Akakata simu. Akaingia chumba cha pili, akamwinua mama, akamwekea mto mgongoni.

"Amekuona, mama."

"Usinidanganye. Mimi si mtoto."

"Kweli tupu. Kasema umekonda."

Mama akacheka, cheko likageuka kikohozi, kisha akaanza kutafuta viatu kwa mguu. "Mwenyewe ndiye kakonda," akasema. "Nipe kitambaa changu. Twende."

Honi ikalia tena. Seremala hakwenda getini, ambako mshonaji alikuwa bado anambembeleza jirani kwa sauti ya kulia. Alizunguka uani, mpaka kwenye chumba cha mshonaji. Pazia lilikuwa limeshushwa. Akasukuma mlango, ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Kitinda, mdogo wangu, toka tumpeleke mama. Naapa kwa pumzi yake, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Hata mimi."