Siku Shemeji Alipopisha Kiti

Haya nilisimuliwa na mdogo wangu wa kike juzi Jumapili, tukikunja nguo, na mumewe amekaa hapo hapo akijifanya hasikii.

Shemeji ni fundi mwashi. Hupanda jukwaa la ghorofa ya nne akipiga mluzi, lakini akiiona sindano, anatafuta mlango wa kutokea. Sasa jino lilikuwa limemkamata siku ya nne. Shavu limevimba kama kaficha limau, na kwa kuugulia kwake nyumba nzima haipati usingizi.

"Leo utarudi bila hilo jino," mkewe alimwambia, "au utalala huko huko kwenye mchanga wako."

Wakafika kliniki ya meno asubuhi mapema, wa kwanza kabisa.

Pale hakuna namba. Benchi ndiyo foleni. Aliye karibu na mlango ndiye anayeingia, wengine wanasogeza makalio. Ukiinuka, nafasi imekwenda, unaanza upya mkiani. Mdogo wangu akamkalisha mumewe pale penye mlango wa daktari, mwenyewe akakaa kwenye kizingiti cha nje, amzibie njia ya kutorokea.

Benchi likajaa. Mlango bado umefungwa, ndani mfagizi anapiga deki.

"Yule daktari wetu kahamishwa," alisema kinyozi aliyekaa wa pili, kitambaa kimefungwa toka kidevuni hadi utosini. "Mpya anaanza leo. Nasikia ana mkono wa chuma. Anang'oa huku anakuuliza habari za watoto."

Shemeji akachungulia kizingitini; mkewe bado yupo.

Ndipo akaingia mama mmoja, mguu mmoja mfupi, gongo kwapani, mkoba begani. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akagonga.

"Subirini kidogo huko!" mfagizi akapaza sauti. "Sakafu mbichi, mtu atateleza!"

Shemeji akaruka kama aliyekalia siafu.

"Mama, kaa hapa!"

"Asante, baba. Nangoja tu sakafu ikauke, si kitambo."

"Usimame na gongo hilo, mimi nimekaa na miguu yangu miwili mizima? Haiwezekani. Kaa, mama, kaa. Na uingie wewe kabla yangu."

Kule kizingitini mkewe akamkazia macho. Tangu waoane, mtu huyu hajampisha kiti hata mama mkwe.

"Baba watoto, tangu lini?"

"Mke wangu, binadamu tujaliane," akajibu, sauti laini kama ya mgeni rasmi.

Benchi zima likamsifu. Kinyozi akasema wanaume wa namna hii wamebaki wa kuhesabika. Mama akacheka, akakaa, akaegemeza gongo ukutani. Shemeji akashika njia ya mkiani, wa kumi na mbili. Akaangalia migongo yote ile mbele yake, roho ikatua. Mungu akijalia, saa za kazi zingekwisha kabla hajafikiwa.

"Na wewe mama, linakusumbua jino gani?" kinyozi akauliza.

"Leo ni mengi, baba yangu. Sijui nitayamaliza saa ngapi."

"Lo! Pole sana."

"Pole, mama!" Shemeji naye akapaza sauti kutoka mkiani, pole kubwa kuliko za wote.

Mlango ukafunguliwa. Mama akashika gongo lake, akajiinua, akamtafuta Shemeji kwa macho, akamshukuru tena, akaingia. Shemeji akanyoosha miguu. Hata jino lenyewe likaanza kupoa. Akamkonyeza mkewe, mkewe akageuza uso.

Haukupita muda, mfagizi akatoka na ndoo yake. Akaliangalia benchi toka mwanzo hadi mwisho.

"Yuko wapi yule bwana mwenye adabu zake? Daktari anasema aanze yeye, maana hawezi kumsahau mtu aliyempisha kiti."

Saa nane mchana Shemeji alikuwa kitandani kwake, usingizi fofofo, pamba mdomoni, na mkewe kando yake anakoroma kumshinda.