Darubini ya Athol

Murdoch aliiweka darubini mezani, kati ya birika la chai na siagi, akasema haifai bei yake.

"Dola elfu nne, Athol! Ukungu ukishuka kidogo tu, ni kama unachungulia ndani ya chupa ya maziwa."

Siku nyingine Athol angecheka na kumtania. Darubini ile ya bunduki, aliyoiagiza Ulaya, ilikuwa roho yake; aliwaambia watu kwamba akiwa barazani kwake anahesabu vifungo vya shati la mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mkewe Raewyn alikuwa na kitendawili juu yake, kila mgeni lazima ategewe: "Kina jicho moja, hakina kope, na kimekula safari yangu ya Fiji. Nini hicho?"

Murdoch alikitegua siku ya kwanza, na kicheko chake hakikufika machoni.

Mashamba yao yalikuwa yamepakana kwa miaka ishirini na sita. Nyasi za Athol huchipua mapema. Kondoo wa Athol huzaa pacha. Hata mvua, Murdoch aliapa, huanzia kwa Athol, ikifika kwake imeshachoka. Na kila Aprili, kulungu madume wakinguruma milimani na wawindaji wote wa bonde la Waiau wakipanda na bunduki zao, anayerudi na pembe za kupigwa picha ni nani? Ni huyohuyo.

"Ni darubini tu ile," Murdoch alikuwa akijiambia. Yake ya dola mia tano ilionyesha kulungu na kichaka rangi moja. Ila elfu nne ni nyingi, akasita. Jumamosi akaja kuiazima, aijaribu kabla hajanunua.

Athol aliifunga kwa mikono yake kwenye bunduki ya jirani yake, akaenda naye kupiga shabaha mpaka ikakaa sawa. "Chukua kaka, mpaka uridhike. Usichokiona kwa hii, basi hakipo."

Jumapili Murdoch akapanda mlimani, akalala kwenye kibanda cha wawindaji. Leo Ijumaa ndiyo kwanza ameshuka, na getini alimkuta Athol amesimama na buti zenye matope mpaka magotini.

"Jana tulisikia mlio mmoja," Athol alisema sasa, mikono imezunguka kikombe. "Na kule juu ulikuwa peke yako. Hebu niambie tena."

"Nikwambie mara ngapi? Dume limetoka kichakani, ng'ambo ya korongo, mita mia mbili na hamsini. Nimelitazama weee! Naona pembe tu. Nikasema huyu wa mwituni, nikapiga. Akaporomoka, mto ukamchukua. Sikumgusa hata ukwato."

"Pembe matawi mangapi?"

"Kumi na manne. Ya kushoto imepinda ndani."

Athol akafunika uso kwa viganja.

Mafuriko ya Jumatatu yalikuwa yamebomoa uzio wake upande wa mtoni, na Hamish, dume lake la kulungu, akatoka. Siku nne Athol alikuwa akimtafuta, akiita na kutikisa ndoo ya shayiri. Hamish alinyweshwa chupa jikoni humuhumu, nyuma ya jiko, tangu akiwa wa kubebwa kwapani. Kundi zima la shamba lile la kulungu lilikuwa damu yake. Tepe zake za ushindi wa maonyesho zilining'inia juu ya friji, tatu, za buluu. Murdoch alizitazama. Kila akija alizitazama.

"Na hereni?" Athol aliuliza. "Sikioni ana hereni ya njano ya namba, kaka. Hukuiona?"

"Ningeiona ningepiga? Kwa kioo hiki? Mimi Hamish sijamkaribia tangu Krismasi, ningemjuaje?"

Raewyn akamwekea Murdoch mkono begani. "Usijilaumu, shemeji. Kula kitu. Umekonda huko mlimani."

"Wa kulaumiwa ni mimi," Athol alisema. "Nimekusifia takataka. Wiki hii hii naiuza."

Murdoch akakoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

"Kama unaiuza," alisema taratibu, "niambie mimi kwanza."

"Si umesema haifai?" Raewyn aliuliza.

"Kwa bei ya dukani, haifai."

Raewyn alitikisa kichwa, karibu acheke, kisha akaenda kabatini akaleta daftari la mifugo. Kulungu wa shamba akipotea au akifa lazima aripotiwe, kwa namba ya hereni yake, na kazi hiyo Athol asingeiweza leo. Alifunua kurasa. Alirudi nyuma. Alilamba kidole, akafunua tena.

"Sikuiandika, jamani. Ile hereni ya zamani namba yake naijua kama jina langu, lakini si iling'oka kwenye waya? Hii mpya tumempachika Jumatatu mchana, jioni maji hayo." Aliuma ncha ya kalamu. "Ilianza na sita. Athol, mia sita na ngapi?"

Athol hakuinua kichwa. "Sijui, mama. Mimi nilikuwa nimemshika shingo."

"Mia sita... mia sita na..."

"Arobaini na mbili," Murdoch alisema, akinyoosha mkono kuchukua skonzi ya pili.