Kura Zilipolingana

Donge la unga lilikuwa bado vidoleni mwa Mama Mianda, na mafuta ya kukaangia mikate yameshaanza kutoa moshi, redio iliposema kura zimelingana.

Wanaume wa mtaa wa Kapata, ambao kila asubuhi husimama kando ya meza yake kubishana siasa, waliguna kwa pamoja. Kule Kinshasa wabunge walikuwa wakirushiana viti. Nchi haikutoka katika Jumuiya ya nchi za kusini na kufunga mipaka, wala haikuamua kubaki. Kikao kilisimama.

"Aibu," alisema mzee mwenye redio, aliyekuwa akidai tangu juzi kwamba nchi itoke na mipaka ifungwe siku hiyohiyo. "Batu bakubwa banashindwa kupatana."

Mama Mianda aliliachia donge. Likazama, likaibuka, likaumuka. Akaanza kucheka, huku akijifuta macho kwa kiwiko.

"Mama, unacheka nini?" mzee aliuliza.

"Tata, mutoto wangu eko ku mupaka, upande ya Zambia. Eko na mimba ya kwanza. Anakuya kuzalia kwangu."

Hakukuwa na haja ya kuwaeleza zaidi. Kwao, mtoto wa kwanza hupokewa na mikono ya mama wa mama yake, na binti huyo bado alikuwa kwenye foleni.

Redio ikakwaruza: spika anawaita wabunge warudi ndani, huenda sasa wakasikilizana.

Mzee aliitazama kidogo, kisha akanyoosha mkono, akaizima.

"Babishane kwanza," alisema. "Mutoto avuke."