Mbuni Akalia Kiti cha Jiji

Hivi, mtu akijenga uwanja juu ya nyumba yako, halafu akuambie kuusimamia si kazi yako, utamwelewa?

Korongo, bosi wa uwanja wa ndege, alitaka kurefusha njia ya kurukia hadi kwenye mashimo wanamoishi akina Nguchiro. Jiji, likiwatetea wakazi wake hao, likadai kiti kwenye bodi ya uwanja.

"Huu ni uwanja wa ndege," akacheka Korongo. "Sheria inasema bodini wanakaa ndege tu. Fulustopu!"

Nguchiro wakaanza kufunga virago. Hapo Mbuni, mwenye digrii na asiye na kazi, akasimama.

"Jiji linanituma mimi."

"Wewe? Si hata kuruka huwezi, dada!"

"Ndiyo, na ajira ulininyima kwa hilo hilo, eti sina ekspiriensi ya angani. Sasa haya manyoya ni ya mbuzi? Sheria imesema ndege, bosi. Haikusema anayeruka. Sogea!"

Korongo akasogea. Bodi ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo kura ya Mbuni ikaamua: njia ielekezwe kwenye bwawa la Korongo mwenyewe. Nguchiro wakafungua virago kwa vigelegele.

Na nyie wakubwa wa viwanja, msituzingue: jiji lipewe kiti chake leo, siyo kesho!